Namna ya Kuchagua Viatu vya Kukimbilia Kulingana na Mguu na Mwendo Wako

Kwa miongo kadhaa viatu vya kukimbilia vimeuzwa kwa kanuni moja rahisi: mnunuzi hutazamwa upinde wa wayo wake, upinde huo hupewa jina, kisha huletewa kiatu chenye jina linalolingana nao. Mwenye wayo bapa hupewa kiatu kigumu cha kuuzuia mguu usilalie ndani, mwenye upinde ulioinuka hupewa kiatu laini, na aliye kati ya hao wawili hupewa kiatu cha kati. Kanuni hii inapendwa kwa sababu inatoa jibu ndani ya dakika tano. Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa maelfu ya makuruta wa jeshi la Marekani, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010, waliopewa viatu kulingana na umbo la wayo waliumia karibu sawa na wenzao waliopewa viatu vya aina moja bila kuangaliwa wayo.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba viatu vyote ni sawa. Yanamaanisha kwamba umbo la wayo peke yake ni mwanzo mbaya wa kuchagua. Mwanzo ulio bora ni kuelewa kila sehemu ya kiatu inaufanyia nini mwili, kuutazama mguu wako unapokimbia badala ya unaposimama, kukumbuka ni wapi umewahi kuumia, na kisha kuviacha viatu vyenyewe vijieleze vinapokuwa mguuni. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: elewa kiatu kimejengwaje

Kiatu cha kukimbilia kina tabaka tatu zinazostahili kuangaliwa. Juu kuna kitambaa kinachoushika mguu, mara nyingi cha wavu ili kipitishe hewa, pamoja na ulimi, kamba, na kile kikombe kigumu kilichofichwa nyuma ya kisigino. Chini kabisa kuna soli ya mpira inayogusa ardhi, ambayo kazi yake ni kushika njia na kustahimili msuguano. Katikati ya hizo mbili kuna soli ya povu, na hapo ndipo pana sehemu kubwa ya tabia ya kiatu, ya bei yake, na ya ahadi zake.

Povu lililozoeleka kwa muda mrefu ni la plastiki iitwayo EVA, ambalo lilianza kutumika katika viatu vya kukimbilia katika miaka ya 1970. Ni jepesi na la gharama nafuu, lakini vishimo vyake vidogo vya hewa hujikunja kadiri kilomita zinavyoongezeka na hatimaye havirudi katika hali yake. Mwaka 2013 Adidas ilileta povu la plastiki nyingine, TPU, kwa jina la Boost, ambalo ni zito zaidi lakini linadumu na linabadilika kidogo kukiwa na baridi. Kisha mwaka 2017 Nike ilitoa kiatu cha mashindano chenye povu la plastiki ya jamii ya PEBA na bamba la kaboni ndani yake. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba wakimbiaji hodari waliokivaa walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakilinganishwa na walipovaa viatu vingine vya mashindano. Mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliweka kikomo: kwa mbio za barabarani soli isizidi unene wa milimita 40, na ndani yake pasiwe na zaidi ya bamba moja gumu.

Ninataja historia hii kwa sababu moja. Viatu hivyo vya mashindano vinavutia macho, na wengi wanaoanza kukimbia huvitamani, ilhali vimetengenezwa kwa ajili ya kasi na si kwa ajili ya kumzoesha mwili mtu mgeni. Soli yake ni nene kwenda juu, laini na nyembamba kwa upana, hivyo kifundo cha mguu hupata kazi ya ziada ya kujiweka sawa, na povu lake huchakaa mapema. Anayekimbia mara tatu kwa wiki kwa ajili ya afya hahitaji bamba la kaboni.

Kipimo cha pili cha kuelewa ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya kiatu, ambayo huandikwa kwa milimita. Viatu vya kawaida vina tofauti ya milimita 8 hadi 12, vingine vina 4 hadi 6, na vipo vyenye sifuri, yaani kisigino na vidole viko katika usawa mmoja. Namba hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni wapi mwilini mzigo utaelekea. Kisigino kinapoinuliwa, kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu hupunguziwa kazi, na goti hubeba zaidi. Kisigino kinaposhushwa, mzigo huhama kutoka gotini na kwenda kwenye kano na shavu la mguu. Hakuna kiatu kinachouondoa mzigo. Kila hatua ya kukimbia huushindilia mguu kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kwa kasi ya wastani mtu hupiga takriban hatua 1,000 kwa kilomita moja, kwa hiyo kiatu kinachoweza kufanya ni kuugawa mzigo huo kwa namna nyingine.

Kuhusu uzito wa kiatu, kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila mguu huongeza gharama ya nishati kwa karibu asilimia 1. Kwa mazoezi ya kila siku tofauti hiyo haina uzito wa kuamua chochote.

Kuna pia umbo ambalo kiatu hujengewa juu yake, ambalo mafundi huliita kalibu. Kalibu moja inaweza kuwa pana mbele na nyembamba kisiginoni, nyingine ikawa imenyooka kama tofali, na ndiyo sababu viatu viwili vyenye namba moja hukaa mguuni kwa namna tofauti kabisa. Kalibu haiandikwi kwenye sanduku, wala hakuna njia ya kuijua isipokuwa kuvivaa.

Hatua ya pili: utazame mguu wako unapokimbia

Neno utakalolisikia mara nyingi ni pronesheni, na mara nyingi utalisikia likitajwa kana kwamba ni ugonjwa. Si ugonjwa. Wakimbiaji wengi hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino. Kisha mguu hulalia ndani, upinde wa wayo hushuka, na mfupa wa muundi huzunguka kidogo kuelekea ndani. Kwa njia hiyo mguu unakuwa laini, unaipokea ardhi jinsi ilivyo na kulipunguza makali pigo la kutua. Baada ya hapo mguu hujikaza na kuwa kama wenzo mgumu, na kidole gumba huusukuma mwili mbele. Kulalia ndani huko ndiko pronesheni, na mguu usiokuwa nayo kabisa ungekuwa katika taabu kubwa. Supinesheni ni mwelekeo wa kinyume, yaani mguu kubaki umelalia nje, na wenye hali hiyo iliyo dhahiri ni wachache.

Swali la maana, basi, ni kama kulalia ndani kupita kiasi kunaumiza. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu 927 walioanza kukimbia, wote wakiwa wamepewa viatu vya kawaida visivyo na kizuizi cha kuuzuia mguu usilalie ndani, na haukuona kwamba wenye miguu inayolalia ndani kwa kiasi cha wastani waliumia zaidi ya wengine. Kwa upande mwingine, utafiti wa Luxembourg uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha wakimbiaji 372 na ukaona kwamba viatu vyenye kizuizi vilipunguza majeraha, na kwamba faida hiyo ilionekana kwa wale ambao miguu yao ililalia ndani. Ninazisoma tafiti hizi mbili pamoja hivi: kulalia ndani si sababu ya kumtisha mtu asiye na maumivu, lakini mwenye mguu unaolalia ndani sana, hasa aliyewahi kuumia, ana sababu nzuri ya kujaribu kiatu chenye kizuizi na kuona kama kinamfaa.

Ili kuujua mguu wako, fanya hivi. Mwombe mtu akupige video kwa simu kutoka nyuma, simu ikiwa imeshikwa chini, usawa wa kifundo cha mguu, huku ukikimbia kwa kasi yako ya kawaida. Ukitumia mashine ya kukimbilia itakuwa rahisi zaidi, lakini kimbia kwanza dakika tano au zaidi ili mwendo wako utulie, kwa maana mtu anayejua kwamba anatazamwa hukimbia kwa adabu isiyo yake. Itazame video kwa mwendo wa taratibu. Angalia kisigino mguu unapobeba mwili wote: je, kinabaki karibu wima, au kinaporomoka ndani kwa wazi, na goti nalo linakifuata? Angalia pia kama miguu yote miwili inafanya jambo moja. Mara nyingi haifanyi, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini maumivu huja upande mmoja tu.

Piga tena video kutoka ubavuni. Hapa unaangalia mguu unatua wapi. Wakimbiaji wengi sana hutua kwa kisigino, na hata katika mbio za nusu marathoni za watu wenye kasi kubwa wamehesabiwa robo tatu wakitua hivyo. Hakuna haja ya kujilazimisha kutua kwa vidole. Kinachohitaji macho ni mguu unaotua mbali mbele ya mwili huku goti likiwa limenyooka, kwa sababu hatua ndefu namna hiyo hufanya kazi ya breki na kuongeza mzigo wa goti na nyonga. Dawa yake si kiatu: ni kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 huku kasi ikibaki ileile.

Viatu vya zamani navyo vina habari, ingawa mara nyingi husomwa vibaya. Soli iliyolika kwenye ukingo wa nje wa kisigino ni jambo la kawaida, kwa maana hapo ndipo wengi hutua, na wala haithibitishi supinesheni. Tazama badala yake sehemu ya mbele. Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kutoka nyuma: kiatu kilichoinama ndani au nje kinasema zaidi kuliko mpira uliolika. Lile jaribio la kulowesha wayo na kukanyaga karatasi linaonyesha umbo la upinde mtu akiwa amesimama, lakini halisemi mguu unafanya nini unapokimbia.

Hatua ya tatu: yaulize maumivu yako

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kumbuka sehemu zilizokuuma katika miaka miwili au mitatu iliyopita, uziandike, kisha utafute kiatu kinachouhamisha mzigo kutoka hapo.

Aliyesumbuliwa na kano ya kisigino au shavu la mguu asikimbilie kiatu chenye kisigino cha chini, na zile milimita 8 hadi 12 zitamfaa. Anayeumwa mbele ya goti anaweza kunufaika na kiatu chenye kisigino kilichoshushwa kiasi, mradi ahamie taratibu. Mwenye kidole gumba kisichokunjika vizuri atafute soli ngumu iliyopinda kama mguu wa kiti cha kubembea, kwa sababu kiatu hicho kinabingirika chenyewe na hakimlazimishi kukunja kidole. Mwenye ganzi au moto chini ya vidole, mara nyingi tatizo lake ni kiatu chembamba mbele na si povu. Na yule ambaye muundi humuuma kwa ndani, au ambaye upinde wa wayo huchoka mapema, na video yake ikaonyesha kisigino kinachoporomoka ndani, huyo ndiye wa kujaribu kiatu chenye kizuizi.

Kizuizi hicho huja kwa namna tofauti. Zamani kilikuwa kipande cha povu gumu zaidi kilichowekwa upande wa ndani wa soli, na unaweza kukitambua kwa rangi yake ya kijivu na kwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Siku hizi watengenezaji wengi hupanua soli, huinua kuta za povu pande zote mbili za kisigino, au hutumia umbo la soli lenyewe kuuongoza mguu. Kwa wengi namna hizi mpya ni za upole zaidi. Aliyezoea kile cha zamani na hana maumivu hana sababu ya kukiacha.

Ikiwa hukuumia kamwe na unakimbia vizuri, hatua hii ni fupi: nunua kiatu kinachofanana na ulichonacho.

Hatua ya nne: pima mguu upya

Usiamini namba uliyoivaa miaka mitano iliyopita. Wayo hurefuka na kupanuka kadiri umri unavyosonga, na kwa baadhi ya wanawake hubadilika baada ya ujauzito. Pima jioni, au baada ya kukimbia, kwa sababu mguu huvimba kwa shughuli za mchana na kwa joto la mazoezi. Simama wima juu ya karatasi iliyogusa ukuta, kisigino kikiwa kimeegemea ukuta ukiwa umevaa soksi za kukimbilia, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, kisha upime urefu huo kwa milimita. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na uchukue kipimo cha mguu mkubwa. Pima pia upana wa sehemu pana zaidi ya wayo.

Ongeza nafasi ya takriban upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole. Wengi huishia na namba kubwa kwa nusu au kwa moja kuliko ya viatu vyao vya kawaida. Fahamu pia kwamba namba za Ulaya hupishana kwa milimita 6.7 hivi, ilhali za Uingereza hupishana kwa milimita 8.5 hivi, na ndiyo sababu majedwali ya kubadili namba hayalingani kikamilifu. Urefu wa mguu kwa milimita ndio wa kuutegemea, hasa unaponunua bila kuvijaribu viatu.

Niliwahi kupoteza kucha mbili za vidole gumba kwa kung'ang'ania namba niliyoizoea. Nilidhani tatizo ni miteremko. Lilikuwa ni milimita sita.

Hatua ya tano: vijaribu viatu, na uusikilize mguu

Beba soksi zako na, kama una soli za ndani ulizotengenezewa, zibebe pia. Chagua jozi tatu au nne zenye sifa ulizozipata katika hatua zilizotangulia, wala usianze na rangi. Vaa kila jozi, funga kamba, simama, kisha kimbia angalau dakika chache, kwa sababu kiatu kitamu cha kutembelea kinaweza kuwa kigumu cha kukimbilia. Kisigino kisiinuke wala kuteleza. Vidole viweze kutanuka. Pasiwepo mshono unaogusa mfupa, wala uvimbe unaosukuma upinde wa wayo kutoka chini. Kunja kiatu kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo.

Baada ya hapo, chagua kile ambacho miguu inakisahau upesi. Shauri hili linaweza kuonekana jepesi mno baada ya milimita na mapovu yote tuliyoyapitia, lakini lina msingi. Mwaka 2015 Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada walipendekeza kwamba mwili una njia yake unayopendelea kujongea, na kwamba hisia ya kustareheka ni ishara kwamba kiatu hakiupingi. Wazo hilo bado linajadiliwa, ila mimi sijapata kipimo cha dukani kinachoshinda hicho. Ukiambiwa kwamba kiatu kinachokubana leo kitalainika baada ya wiki mbili, kirudishe rafuni.

Kiatu cha njia za porini kinahitaji jambo moja zaidi, nalo ni meno ya soli. Kwa njia kavu meno ya milimita 3 au 4 yanatosha, lakini kwa tope tafuta ya milimita 5 au zaidi yaliyoachana, ili udongo usigande katikati yake.

Hatua ya sita: funga kamba ipasavyo na uhamie taratibu

Kabla ya kukilaumu kiatu kinachoteleza kisiginoni, tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo wengi huliacha wazi. Pitisha kila kamba katika tundu hilo upande wake uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, kisha pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, vuta kuelekea chini, ufunge. Kisigino kitashikwa bila kuubana mgongo wa mguu. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka aruke matundu ya katikati, akipandisha kamba wima badala ya kuikatisha mahali panapomuuma.

Kiatu kipya kivaliwe kwanza katika mbio fupi, huku cha zamani kikiendelea kutumika kwa siku nyingine. Ikiwa tofauti ya kimo imeshuka kwa milimita 4 au zaidi, jipe wiki sita hadi nane kabla ya kukihamia kikamilifu, kwa sababu kano hujizoesha polepole kuliko misuli, na mara nyingi haisemi hadi imeshachelewa. Kubaki na jozi mbili zisizofanana kuna faida yake pia: utafiti mwingine wa Luxembourg, wa mwaka 2015, uliona kwamba waliobadilishana jozi waliumia kidogo kuliko waliotumia jozi moja tu, pengine kwa sababu mzigo haupigi mahali palepale kila siku.

Andika kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu tarehe uliyoanza kukitumia. Viatu vingi vya mazoezi hudumu kati ya kilomita 500 na 800, vya mashindano huchakaa mapema, na mtu mzito au anayekimbia juu ya lami tupu atafika mwisho haraka zaidi. Usisubiri mpira wa chini utoboke, kwa maana povu hufa kabla yake. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: mikunjo ikiwa imeganda na povu haliitikii, au miguu ikianza kuchoka katika umbali ambao jana haukuichosha, anza kukitafutia mrithi. Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi, uviache kivulini mbali na moto, kwa sababu joto hulegeza gundi na kulikausha povu. Na maumivu ya mfupa yanayoongezeka kila unapokimbia, au yanayokuamsha usiku, yapelekwe kwa daktari kabla ya kutafutiwa kiatu kingine.